Nilibonyeza "Save", wasilisho langu limekwenda wapi?

Swali limetoka kwa afisa ugani wa kata moja mkoani Dodoma. Nimelifupisha, ila maneno ni yake:

"Shikamoo mwalimu. Tangu chuoni nimezoea PowerPoint, lakini kompyuta niliyoikuta ofisini ina LibreOffice Impress. Nilitumiwa kwa barua pepe wasilisho la mwaka jana kuhusu mtama na uwele. Nikalifungua, nikabadilisha takwimu zote, nikaongeza picha 3 za mashamba. Kila baada ya muda nilikuwa nabonyeza save. Siku 2 nzima. Kisha nikaingia kwenye Downloads, nikalikuta faili lenye jina lile lile, nikalikopi kwenye flashi. Kwenye kikao, mbele ya watu, likatokea la mwaka jana. Niliporudi ofisini nilitafuta mpaka jioni. Kazi yangu imekwenda wapi? Na nifanyeje ili faili liende kwenye folda ninayoitaka mimi, siyo inayoitaka programu?"

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Kusimama mbele ya kikao huku ukutani kuna takwimu ambazo unajua ulishazifuta ni jambo linaloumiza. Nimeona watu wazima wenye vyeo wakitokwa jasho kwa jambo hilo hilo. Nianze na la dharura: kwa dalili ulizonieleza, inawezekana sana kazi yako bado imo ndani ya kompyuta hiyo. Kwa hiyo mpaka tuipate, asije mtu kuisafisha. Vijana wanaoitwa kuja kuongeza kasi ya kompyuta huanza kwa kufuta mafaili ya muda, na huko ni mojawapo ya sehemu mbili ninazoshuku.

Fungua LibreOffice yenyewe, usifungue faili lolote. Litatokea dirisha la mwanzo lenye picha ndogo ndogo za mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Itafute ya mtama na uwele, na usishangae ukikuta mbili zinazofanana. Weka kishale cha mausi juu ya kila moja bila kubonyeza, subiri kidogo, itajitokeza anwani kamili ya faili, kuanzia herufi ya diski mpaka jina. Isome neno kwa neno kama unavyosoma maandishi ya mfuko wa mbegu kabla ya kumshauri mkulima. Ukiona neno Downloads na jina linaloishia na namba kwenye mabano, (1) au (2), umelipata. Ukiona neno Temp, umelipata pia, ila hapo usichelewe.

Hiyo namba kwenye mabano imewaliza wengi. Unaposoma barua pepe kwenye kivinjari na kubonyeza kiambatisho ambacho ulishakishusha, kivinjari hakigusi nakala ya kwanza. Kinashusha nyingine na kuibandika namba ili majina yasigongane. Chukulia siku ya kwanza ulilishusha ukaliangalia tu. Kesho yake ukarudi kwenye barua pepe, ukalibonyeza tena, na hilo la pili lenye (1) ndilo ulilolihangaikia. Siku ya kukopi, jicho likakimbilia jina unalolijua, lisilo na namba. Hukukosea kuhifadhi hata mara moja. Ulibeba pacha asiye wako.

Sehemu ya pili ni folda ya muda. Kama barua pepe unaisoma kwa programu iliyowekwa kwenye kompyuta, au wasilisho lilikuja limefungwa ndani ya faili la zipu na ukalibonyeza humo humo bila kulitoa, mara nyingi kompyuta huliweka kwanza kwenye folda iliyofichwa inayoitwa Temp na kukufungulia kutoka huko. Ukibonyeza save, kazi inahifadhiwa huko huko. Ili kufika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika %temp%, kisha Enter. Utakuta rundo la mafaili yenye majina ya ajabu ajabu. Usifute chochote. Panga kwa tarehe ya kubadilishwa, nenda kwenye siku zile 2, tafuta aikoni ya Impress. Ukikosa huko, fungua This PC na kwenye kisanduku cha kutafutia andika *.odp, halafu rudia kwa *.pptx. Hiyo nyota maana yake ni "jina lolote".

Ukilipata, usilifungue hapo. Likopi, libandike kwenye Documents, lipe jina jingine, ndipo ufungue hilo la Documents.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Umesema programu inapeleka faili inakotaka yenyewe. Ukweli ni kwamba programu hizi, iwe Impress au PowerPoint, hazichagui mahali. "Save" hukuuliza "wapi?" mara moja tu katika maisha ya faili, siku ambayo faili bado halina jina. Baada ya hapo kila ukibonyeza, inarudisha kazi pale pale faili lilipotoka, kimya kimya, bila neno. Wewe ulipewa faili ambalo lilishakuwa na jina na lilishakuwa na mahali. Kwa hiyo swali la "wapi?" halikuulizwa kamwe. Ungebonyeza mara 100 lisingeulizwa.

Fikiria masijala. Ofisi za Dodoma zimejaa karatasi, na wewe bila shaka umewahi kupeleka barua huko. Karani wa masijala akipokea barua haiachi ikazagaa mezani kwa maofisa. Kwanza huitafutia jalada lake, huipa namba ya folio, ndipo jalada linapanda kwa mhusika. Barua hupata kwao kwanza, kazi baadaye. Kwenye kompyuta wengi wetu tunafanya kinyume: tunafanya kazi siku 2, halafu siku ya safari ndipo tunauliza jalada liko wapi. Ninachokuomba ni hicho kimoja. Faili jipya au ulilopewa, lipe kwao kabla hujaandika herufi moja ndani yake.

Kwa vitendo iko hivi. Umefungua wasilisho la mwaka jana. Kabla hujagusa takwimu yoyote, bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Hiyo ndiyo "Save As" ya Impress. Kwenye PowerPoint uliyoizoea ni kitufe cha F12. Litafunguka dirisha, na hapa ndipo nataka utulie. Lina sehemu 3 za kusoma. Chini kuna kisanduku cha jina, na chini yake kuna kisanduku cha aina ya faili. Juu kabisa kuna mstari mwembamba unaoonyesha uko ndani ya folda gani. Karibu kila mtu niliyemfundisha hapa mjini huandika jina na kubonyeza Enter bila kuinua macho kwenye mstari huo wa juu. Faili huwa linaangukia folda iliyotumika mara ya mwisho, labda Downloads, labda flashi ya mtu mwingine iliyochomekwa asubuhi. Soma mstari wa juu kwanza. Kama siyo unapopataka, bonyeza Documents upande wa kushoto, ingia kwenye folda yako, hakikisha mstari umebadilika, ndipo uandike jina.

Ukishahifadhi, jithibitishie. Nenda "File", kisha "Properties", kwenye ukurasa wa "General". Kuna mstari wa "Location", na hapo programu inakuambia bila kificho faili lililo mbele yako linakaa wapi. Ni sekunde 5. Ungelifungua dirisha hilo siku ya kwanza, ungeliona neno Downloads au Temp na usingepata aibu ile.

Kuna maneno 2 kwenye menyu ya Impress ambayo yanafanana kama mapacha, na kuyachanganya kunazaa hasara ile ile uliyoipata. Moja ni "Save As", nyingine ni "Save a Copy". Zote zinaleta dirisha lile lile, zote zinakuuliza jina na mahali. Tofauti inakuja baada ya kubonyeza. Ukitumia "Save As", wewe mwenyewe unahama. Faili ulilonalo mbele yako sasa ni lile jipya, na kila "Save" itakayofuata inaingia huko jipya. Ukitumia "Save a Copy", unatuma nakala lakini wewe unabaki nyumbani, kwenye faili la zamani.

Tuseme ni saa 10 jioni, umemaliza, umechomeka flashi. Ukafanya "Save As" kwenda kwenye flashi. Mwenzako akapita akakuambia takwimu ya uwele imekosewa. Ukasahihisha, ukabonyeza save. Sahihisho limeingia kwenye flashi peke yake. Nakala ya Documents imebaki na kosa, na mwakani utaichukua hiyo ya Documents ukidhani ndiyo ya mwisho. Rudia mkasa huo huo kwa "Save a Copy": sahihisho limeingia Documents, flashi imebaki na kosa, na kesho ukumbini linatokea kosa. Kwenye skrini hutaona tofauti yoyote, maana jina la faili linalosomeka juu ya dirisha ni lile lile katika hali zote 2.

Kwa hiyo mimi nina msimamo, na nimeusisitiza darasani mara nyingi: usihifadhi moja kwa moja kwenye flashi. Hifadhi kwenye Documents. Maliza. Funga Impress kabisa. Kisha fungua folda yako, likopi faili, libandike kwenye flashi. Njia hii ina hatua moja zaidi, lakini inakuachia nakala moja ya asili inayojulikana, na flashi inabaki kuwa gari la kusafirishia tu.

Kuhusu folda zenyewe sitakuwa na maneno mengi. Ndani ya Documents tengeneza moja ya kazi, ndani yake folda za miaka, ndani ya mwaka folda ya kila shughuli. Ngazi 3 zinatosha. Watu wanaotengeneza ngazi 7 huchoka kuzishuka, wakaishia kutupa kila kitu kwenye uso wa kompyuta (Desktop).

Majina ya mafaili yanastahili muda zaidi. Acha "mtama mpya", "mtama mpya 2", "mtama wa mwisho kabisa". Baada ya mwezi hakuna anayejua wa mwisho ni upi. Anza na mwaka, mwezi, siku, kisha jambo lenyewe: 2025-03-14 mtama na uwele wasilisho. Ukiandika mwaka mbele na kuweka sufuri kabla ya mwezi wenye tarakimu moja, kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe hata ukipanga kwa jina. Na kuna jambo linalowakwaza sana watumishi wa umma: ile alama ya mkwaju. Tarehe zetu tunaandika 14/03/2025, na Kumb. Na. za barua zimejaa mikwaju. Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, wala nukta pacha, wala alama ya kuuliza, wala nyota. Ukijaribu, dirisha linakataa au linatoa ujumbe usioeleweka, na mtu aliyechoka anaona kama programu mpya ndiyo yenye kasoro. Tumia kistari badala ya mkwaju na mambo yataenda.

Sasa kisanduku cha chini kabisa, cha aina ya faili. Impress ni sehemu ya LibreOffice, na LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, ile ile ambayo mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitia Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice. Muundo wake wa asili ni ODF, ambao ni kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006, na mawasilisho yake huishia na herufi .odp. PowerPoint tangu toleo la mwaka 2007 hutumia .pptx. Impress inafungua na kuhifadhi miundo yote 2, lakini ukihifadhi .pptx inaweza kukusimamisha na kukuuliza: ubaki na muundo wa PowerPoint au utumie wa ODF? Watu hubonyeza kitufe chochote ili dirisha liondoke. Ukichagua ODF kwa bahati mbaya, linazaliwa faili la pili lenye jina lile lile ila mwisho tofauti. Na Windows, ikiwa haijabadilishwa, huficha mwisho huo. Kwa hiyo ndani ya folda moja unaona "mtama na uwele" mara 2, moja ni .odp ya leo, nyingine ni .pptx ya juzi, na kinachozitofautisha ni aikoni tu. Huu ni mlango mwingine ambao ungeweza kubeba faili la zamani hata ukiwa kwenye folda sahihi.

Dawa yake unaiweka mara moja tu. Fungua folda yoyote, nenda kwenye "View", weka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 11 tiki hiyo imeingizwa ndani ya "Show". Tangu hapo kila faili litakuonyesha jina lake lote.

Ushauri wangu kwako wewe ambaye kompyuta ya ofisini ina Impress na za ukumbini nyingi zina PowerPoint: fanya kazi yote katika .odp. Siku ya mwisho, hapo ndipo "Save a Copy" inapokuwa rafiki: toa nakala ya .pptx ndani ya folda ile ile, wewe ukibaki kwenye .odp yako. Ifungue hiyo .pptx, ipitie slaidi kwa slaidi, kwa sababu mwandiko na miondoko huweza kusogea. Kisha kupitia "Export As" toa na PDF. PDF haina miondoko, lakini hufunguka karibu kila mahali, hata kwenye simu au kishikwambi, na herufi hazihami.

Kuna jambo hukuliuliza lakini picha zako 3 za mashamba zimenifanya nilikumbuke. Unapoingiza picha, dirisha la Impress lina kisanduku kidogo kilichoandikwa "Link". Kikiwa na tiki, picha haiingii ndani ya wasilisho. Wasilisho linaandika tu anwani ya picha: iko folda fulani, kaichukue huko. Ofisini utaiona vizuri kabisa. Ukumbini, ambako folda hiyo haipo, utaona fremu tupu. Hata ofisini, ukihamisha folda ya picha baada ya kuiunganisha, inatoweka. Yaliwahi kunikuta kwa video: nilikuwa nafundisha kikundi cha wakulima wa alizeti namna ya kukausha mbegu, nikafika na flashi yenye wasilisho peke yake, video imebaki kwenye kompyuta nyumbani. Wale wazee walikuwa wametembea kutoka mbali. Nililazimika kueleza kwa mikono, na mpaka leo sijafurahishwa na siku ile. Kwa hiyo acha kisanduku hicho bila tiki, picha ziingie ndani. Kama ulishaweka tiki, kwenye menyu ya "Edit" kuna sehemu ya viungo vya mafaili ya nje. Humo unaweza kuvunja kiungo na picha ikabaki ndani moja kwa moja. Wasilisho likiwa na video nzito, ziweke video na wasilisho ndani ya folda moja tangu mwanzo, na ukopi folda nzima, siyo faili.

Kwenye flashi yako huenda siku moja ukakuta faili lenye jina linaloanza na nukta, alama ya ~ na neno lock, na kuishia na alama ya #. Siyo kirusi. Impress huliweka hapo wakati wasilisho limefunguliwa, ili mtu mwingine asiliandikie juu, na huliondoa wewe unapofunga. Likibaki, ni ushahidi kwamba flashi ilichomolewa kabla programu haijafungwa, na hapo ndipo lazima ujiulize kama kazi ya mwisho iliandikwa yote. Funga programu, toa flashi kwa njia ya salama kwenye kona ya chini kulia, ndipo uivute. Lakini folda zako za kwenye flashi zikigeuka ghafla kuwa vishale vya mkato (shortcut) baada ya kutoka steshenari, hicho ni kirusi kweli. Usibonyeze hivyo vishale. Mara nyingi mafaili yako yapo, yamefichwa tu, na mtaalamu atakurudishia.

Ili kupunguza kazi ya kuinua macho kila mara, unaweza kuiambia Impress folda ya kuanzia. Nenda "Tools", "Options", fungua tawi la LibreOffice, kisha "Paths". Chagua mstari wa "My Documents", bonyeza kuhariri, ielekeze kwenye folda yako ya kazi. Tangu hapo faili jipya likihifadhiwa mara ya kwanza, dirisha litaanzia huko. Lakini mpangilio huo haugusi mafaili unayopewa na wengine, maana hayo, kama nilivyosema, yanakuja na kwao.

Ukiwa humo humo kwenye "Options", pita kwenye "Load/Save", "General". Weka tiki ya kutengeneza nakala ya akiba kila mara. Toleo lililotangulia la faili litawekwa kwenye folda ya akiba kwa herufi .bak. Kuna pia muda wa kujiokoa (AutoRecovery), ambao mwanzoni huwa dakika 10. Punguza uwe 5 kwa sababu ya umeme. Ila tafadhali usidhani hiyo ni kuhifadhi. Ni ya kukuokoa programu ikianguka au umeme ukikatika, na ukifunga vizuri kwa kukubali kutohifadhi, inafutwa pamoja na kazi yako.

Siku utakapohamishiwa ofisi nyingine ukakuta programu nyingine tena, yale maswali yatakuwa yale yale, majibu ndiyo yatabadilika kidogo. PowerPoint ya Microsoft 365 ukiwa umeingia kwa akaunti, mara nyingi hupeleka kazi OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft; kwenye "Options", sehemu ya "Save", kuna tiki ya kuiambia ianze na kompyuta. Na ukifungua humo wasilisho la mwaka jana lililo OneDrive huku kujihifadhi (AutoSave) kumewashwa, kila unachofuta kinafutika kwenye la mwaka jana hapo hapo, bila kubonyeza kitu. Toa nakala kwanza. Google Slides haina kabisa kitufe cha kuhifadhi. Faili linazaliwa kwenye Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, na pembeni ya jina lake juu kuna aikoni ya folda ya kulihamishia unakotaka.

Siku ya kikao fika mapema, hata nusu saa. Usiendeshe wasilisho kutoka kwenye flashi. Likopi kwenye uso wa kompyuta ya ukumbi, chomoa flashi, kisha lifungue. Usiangalie slaidi ya kwanza, maana ya mwaka jana na ya mwaka huu zinafanana. Nenda moja kwa moja kwenye takwimu uliyoibadilisha mwisho kabisa. Ukiikuta mpya, rudi mwanzo ukae. Na kikao kikiisha, lifute hilo la kwenye kompyuta ya ukumbi, ulifute na kwenye pipa la taka, maana hizo picha ni za mashamba ya watu na pengine kuna majina na namba za simu za wakulima wako ndani yake.